Ndege Isiyotoka Igogo

Mama Mchungaji alikuwa na namna yake ya kuingia nyumbani kwa mtu. Hakupiga hodi mlangoni. Alianza kupiga hodi akiwa bado chini kwenye ngazi za mawe, na alipofika juu alikuwa ameshamaliza salamu, ameshauliza habari za watoto na ameanza kueleza kilichomleta. Unatoka jikoni unafuta mikono, unasema, "Shikamoo, Mama," naye anajibu, "Marahaba, hapo nimeshapita. Nina shida ya nyundo."

Jina lake nalijua, ila sikuwahi kulitumia. Nikijaribu kulitamka leo naona kama namtaja mtu mwingine. Kwa watu wa Igogo, mtaa wetu, alikuwa Mama Mchungaji, na aliendelea kuwa hivyo hata baada ya mchungaji mwenyewe kufariki na kanisa kupata mchungaji mwingine mwenye mke wake. Huyo mke wa mchungaji mpya, mtu mpole, ikabidi aitwe Mama Mchungaji Mdogo, ingawa alimzidi huyu wetu kimo kwa kichwa kizima.

Tulikuwa majirani kwa miaka mingi. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya yake, kwenye ule mteremko ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe makubwa na kila mtu anaona ziwa kupitia juu ya bati la mwenzake. Mimi ni fundi wa kompyuta na simu, kibanda changu kiko Mabatini. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha. Kwa hiyo kila kilichoharibika kwa Mama Mchungaji kilishuka kwetu, na kila tulichotaka kukitupa sisi kilipanda kwake.

Hakutupa kitu. Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba ambacho zamani mchungaji alikitumia kuandalia mahubiri, na baada ya msiba kilijaa springi za vitanda, vifuniko vya makopo, redio zilizonyamaza, mipini ya majembe. Ukimwambia, "Mama, hiki si ununue kipya tu?" alikutazama kama umetukana. "Hatununui," alisema, "tunatafuta." Lakini huyohuyo aliyekataa kununua msumari mpya alikuwa mtu wa kwanza kufika na gunia la mchele penye msiba, na hakutaka itajwe nani kalileta.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyopatana. Alikataza umbea kwenye kikundi cha akina mama, na hakuna habari ya mtaa iliyompita. "Mimi siulizi," alijitetea, "mimi nasikia." Alifundisha kwaya kwa ukali wa jeshi, sauti moja ikipotea anasimamisha wimbo katikati ya ubeti na kumnyooshea kidole mwenye kosa, lakini akiimba mwenyewe jikoni alikuwa anatoka nje ya sauti vibaya sana. Maombi yake yalikuwa mafupi kuliko ya mtu yeyote kanisani. Wengine wakipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, yeye alisema mistari miwili na amina. Nilimuuliza mara moja kwa nini. "Mungu hana tatizo la masikio," alisema.

Na masikio, sasa nikifikiri, ndiyo yalikuwa mambo yake. Enzi za mchungaji, hao wawili walikuwa wanavuka kwenda visiwani kuhubiri, kwa mitumbwi ya injini, wakati mwingine ziwa likiwa limechafuka kiasi kwamba wavuvi wenyewe wamekaa nchi kavu. Watu waliosafiri naye wanasema hakuwa anashika hata ubao. Alikaa tu, kichwa kimeinama upande. Alinieleza mwenyewe siku moja tukichambua dagaa kwenye ngazi zake.

"Mtumbwi ukilia, mimi najua unalia nini," alisema. "Huu ni ubao unabanwa. Huu ni mkanda wa injini. Haya ni maji yameingia, tuanze kuchota. Kitu kikikwambia kinachokiuma, utakiogopaje?"

Sasa mtu huyo ndiye aliyeshuka kwenye ndege.

Binti yake wa pekee, Tabitha, alikwenda Ujerumani kusomea uuguzi, akapata kazi huko, akaolewa huko. Alipokuwa na mimba ya kwanza alimtumia mama yake tiketi. Igogo yote ilijua. Kanisa likafanya maombi ya safari, kwaya ikaimba, akina mama wakamfungia karanga na dagaa wa kukaanga. Akasindikizwa uwanjani na magari mawili. Akapanda ngazi, akakaa, akafungwa mkanda. Injini zikawaka. Halafu, kwa maelezo yake mwenyewe, chini ya miguu yake kitu kikaunguruma, kikakwaruza, kikanyamaza, na hakuna mtu hata mmoja ndani ya ndege aliyegeuka kutazama ni nini.

Akasimama na kusema kwa ile sauti ya kusimamishia kwaya, "Nishusheni."

Wakamwambia akae. Akasema tena, nishusheni, mpaka wakafungua mlango. Mhudumu mmoja, binti wa umri wa Tabitha, alimshika mkono na kuteremka naye ngazi moja moja huku abiria wanachungulia madirishani. Sisi tuliomsindikiza tulikuwa hatujafika hata barabarani. Tuliitwa tukarudi, tukamkuta amekaa kwenye kiti cha kusubiria, mkoba mapajani, anatazama mbele.

Mtoto wa Tabitha alizaliwa bila bibi yake. Tabitha alipiga simu, na Mama Mchungaji aliweka sauti ya nje kwa sababu hakujua kuitoa, kwa hiyo mimi niliyekuwa nimekwenda kufuata nyundo yangu nilisikia. Tabitha hakufoka. Alisema tu, "Sawa, Mama. Nimeelewa," kwa sauti iliyopoa, na akakata. Kufoka kungekuwa nafuu.

Mtaani mambo yakawa mabaya zaidi. Mwanamke aliyesimama mbele ya watu miaka yote akiwaambia msiogope, ameogopa. Kuna waliosema imani yake ilikuwa ya marehemu mumewe, na mume alipokwenda akaenda nayo. Wahuni wa kijiweni wakampa jina, Mama Nishusheni. Alipita hapo kila siku na kuwasalimia wote. Hakubadilisha njia.

Kimya kikapita, mwaka na zaidi. Halafu asubuhi moja nikasikia hodi yake. Safari hii haikuwa inakuja nyumbani, ilikuwa inakuja kibandani Mabatini, katikati ya kelele za spika za maduka.

"Tabitha ana mimba nyingine," alisema kabla sijamsogezea stuli. "Mwanangu, kuna mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege?"

Nikasema upo, na kuna hata programu za bure.

"Unatoa sauti?"

"Unatoa, Mama."

"Basi nataka kujenga pale mbele anapokaa rubani. Kiti, usukani, kila kitu. Pale nyuma kwenye chumba cha Baba."

Nilicheka, naomba nisamehewe, yeyote angecheka. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Nimewaza sana. Ule mtumbwi niliujua kwa sababu nilikaa karibu na injini. Kwenye ndege wanakukalisha katikati kama gunia, wanakupa juisi. Nitajuaje inalia nini? Nikalishe karibu na injini."

Ndivyo tulivyoanza. Sisi wote wawili hatukuwa tunajua lolote kuhusu ndege. Nilikuwa natazama video za wazungu waliojenga vitu hivyo kwenye gereji zao, wana mashine za kukatia na vifaa vinavyoletwa na posta, halafu napanda kwa Mama Mchungaji kumweleza tunahitaji nini, naye anaingia chumbani na kutoka na kitu kingine kabisa kinachofanya kazi hiyohiyo.

Kiti kilitoka kwenye basi lililokufa, lililokuwa linachinjwa kwa vyuma chakavu. Alikwenda mwenyewe kukichagua, akakalia vyote vilivyokuwepo, akarudi na kile cha dereva kikiwa juu ya mkokoteni, yeye akitembea kando kama anasindikiza jeneza la mkubwa. Mume wangu akachomelea fremu ya kukishika. Usukani tuliutengeneza kwa bomba la maji la plastiki, na vishikio vyake vikakatwa kutoka kwenye usukani wa baiskeli. Bomba lilipita kwenye ubao, nyuma yake likavutwa na springi za kitanda ili ukiliachia lirudi katikati. Kitanda cha ndoa cha mchungaji, nilitania, leo kinarusha ndege. Akanipiga kofi la begani, ila alicheka.

Kazi iliyonipa shida ilikuwa kuifanya kompyuta ijue usukani umegeuka. Nikakumbuka vile vitufe vya kuongezea sauti kwenye redio za zamani, ambavyo ukivizungusha umeme unapungua au kuzidi. Alikuwa na redio za kutosha. Nikavifunga kwenye bomba, nikapasua padi ya kuchezea michezo ya watoto iliyokuwa kibandani bila mwenyewe, nikaunganisha nyaya zake na vile vitufe. Siku ya kwanza tulipogeuza usukani kulia, ndege kwenye skrini iliinama kushoto. Tulipiga makofi hata hivyo.

Pedali za miguuni zilikuwa mbao mbili zenye bawaba. Vishikio vya kuongezea nguvu ya injini vilikuwa mipini ya miiko ya ugali. Kwa dashibodi tulikata matundu ya duara kwenye plaiwudi, tukalizungushia kila tundu kifuniko cha kopo kilichotobolewa katikati, na skrini moja ikakaa nyuma yake ikionyesha mishale ya mwendo na kimo, kwa hiyo ukikaa unaona saa za ndege kabisa. Televisheni ya zamani ikawa dirisha. Swichi tulipewa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, ambaye aliposikia ni za nini alifungua sanduku la swichi za mtindo wa zamani, za chuma, zinazolia *taka* ukizibonyeza. "Chukua zote, Mama," alisema. "Mimi mwenyewe nikipanda ndege nashika mkono wa mke wangu mpaka anakasirika."

Mama Mchungaji alikaa kwenye kiti kile kila asubuhi baada ya chai. Alivaa viatu vya kanisani, akisema huwezi kusafiri na kandambili. Kabla ya kuondoka aliwatangazia abiria wasiokuwepo: "Bwana asifiwe. Tunakwenda Dar. Kaeni." Halafu tukaenda, na karibu kila mara tukaingia ziwani. Alikuwa anavuta usukani kama anavyovuta ndoo kisimani, ndege inapanda, inachoka, inadondoka. Maji yakijaa kwenye televisheni alishusha mikono na kusema, "Samahanini sana," kwa abiria, kwa dhati, kisha ananiambia nirudishe mwanzo.

Kurusha hakukuwa lengo lake, lakini aliona aibu kukaa kwenye kiti cha mtu bila kujua kazi yake. Lengo lilikuwa kelele. Na hapo programu ilitushinda, kwa sababu ilitoa sauti ya injini tu na upepo. Ule mkwaruzo wa chini ya miguu haukuwemo.

"Basi tumtafute aliyekuwepo," alisema.

Alimtafuta yule mhudumu aliyemshusha. Sijui alimpataje, nadhani alikwenda uwanjani akasimama mahali wanapopita mpaka akamwona. Binti akaja Igogo siku yake ya mapumziko, amevaa jinzi, anahema kwa sababu ya ngazi. Alipofungua mlango wa chumba cha nyuma akaweka mkono mdomoni.

"Mama, hii yote ni kwa sababu ya siku ile?"

"Siku ile ulinishika mkono vizuri," Mama Mchungaji alisema. "Lakini hukuniambia ile kelele ilikuwa nini."

Binti akafikiri. "Kabla hatujaanza kutembea? Ile inayokwaruza kama mtu anaburuta kabati?"

"Hiyohiyo!"

"Ah, Mama. Hayo ni mabawa. Vipande vya nyuma ya mabawa vinashushwa ili ndege iweze kupanda. Kuna mota."

Mama Mchungaji akakaa kwenye kiti cha basi. Akashika usukani wa baiskeli. "Mota," alisema. "Mwanangu hakuwa na mama yake kwa sababu ya mota."

Kuanzia hapo yule binti akawa mtu wetu. Akisafiri kama abiria alikuwa anarekodi kwa simu, anatutumia, nami napitisha kwenye spika mbili tulizozifunga chini ya kiti ili sauti itokee miguuni. Mama Mchungaji alifumba macho nami nikazichanganya sauti. Aliziita kwa majina yake. Mabawa yalikuwa "kabati." Magurudumu kuingia tumboni ilikuwa "mlango wa ghala." Injini kupunguzwa baada ya kupaa, ambayo binti alisema ndiyo huwatisha wengi kwa sababu wanadhani imezimika, hiyo aliiita "dereva amebadilisha gia." Akikosea tulirudia. Akipatia alitikisa kichwa bila kufungua macho, kama anavyofanya waimbaji wa alto kwenye kwaya wakiingia pazuri.

Habari haikukaa ndani. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu mwenye koti siku zote hata jua likiwaka, alikuja kumwonya. Mimi nilikuwa chini ya dashibodi na bisibisi, hawakunijali.

"Mama, watu wanasema," alianza.

"Najua wanavyosema. Endelea."

"Wanasema umeacha kumtegemea Mungu, unategemea mbao na nyaya. Wewe ni mfano, Mama. Ilitakiwa uombe tu, upande."

"Mzee, ulipopasuliwa ile henia, daktari alikueleza atakachofanya?"

"Alinieleza."

"Alikueleza kwa kupenda, au ulimuuliza?"

Mzee akasita. "Nilimuuliza. Mtu unataka kujua."

"Na ulikuwa huna imani?"

Mzee akafunga kifungo cha koti.

"Basi na mimi ni hivyohivyo," alisema Mama Mchungaji, wala si kwa hasira. "Imani ninayo. Ninachokosa ni maelezo."

Mzee alizunguka kile kiti mara moja, akagusa swichi, ikalia *taka*. Akagusa nyingine. Wiki hiyohiyo alirudi, akachukua kiti cha plastiki, akakaa nyuma ya Mama Mchungaji na koti lake. Akawa abiria wa kwanza aliyekuwepo. Tulipoingia ziwani alisema "Yesu!" kwa sauti kubwa mno, na rubani akamgeukia akamwambia, "Tulia, mzee, hapa ni kwangu."

Ningependa kusema mambo yalikwenda hivyo mpaka mwisho. Lakini masika ilikuja na mvua ya upepo, bati la chumba cha nyuma likafunuka pembeni, na maji yakashuka moja kwa moja juu ya kompyuta, televisheni na plaiwudi. Tulipoingia asubuhi plaiwudi ilikuwa imevimba, vifuniko vya makopo vimeinama kila kimoja upande wake. Nilifungua kompyuta, nikanusa, nikaifunga. Ilikuwa imeungua. Tabitha alikuwa amebakiza muda mfupi, na tiketi ilishakatwa.

Nilikaa kizingitini. Nilikuwa nimechoka, na nilisema kitu ambacho nilikuwa nimekiwaza muda mrefu. "Mama, kwani Tabitha mwenyewe asije? Hajaja tangu msiba wa baba yake. Angejifungulia hapa, watu wote tupo."

"Likizo zao fupi," alisema. Ndivyo Tabitha alivyokuwa anamwambia siku zote, likizo fupi, kazi nyingi. Kisha akanitazama. "Na mwenye mimba ndiye umtume njiani, mimi mzima nikae?"

Alifunga khanga kiunoni, akachukua ndoo akaanza kukomba maji. Hakusema neno la kunitia moyo, hakuwa mtu wa maneno hayo. Alipomaliza kukomba akaniuliza kipi kimepona. Nikamwambia, spika. Na simu ina zile sauti.

"Kiti?"

"Kiti kinakauka."

"Basi tunachohitaji kipo."

Kwa hiyo majuma yale ya mwisho hakukuwa na dirisha wala mishale. Alikaa kwenye kiti cha basi chenye unyevu, akishika usukani usiounganishwa na kitu, mbele yake ukuta tu, na chini ya miguu yake ndege inanguruma. Mzee wa kanisa alikuja na koti. Mhudumu alikuja alipoweza, akakaa pembeni akimweleza nini kinafuata nini. Kuna siku nilimwona Mama Mchungaji amefungua macho, anatazama mlango. Sauti ya kabati ilikuwa imepita, alikuwa ameitaja sawasawa, na bado aliutazama mlango. Aliona nimeona. "Rudisha mwanzo," alisema.

Safari ya pili hakutaka magari mawili wala kwaya. Alitaka mimi na mume wangu, na mzee wa kanisa akajipakia mwenyewe. Pale uwanjani alikataa kushikwa mkoba. Alituaga kama anayekwenda sokoni, akapita.

Tulisimama nje kwenye uzio ambapo unaiona ndege. Tukamwona anavuka lami, mdogo, na viatu vyake vya kanisani. Akapanda ngazi. Akaingia. Watu wakaendelea kuingia, wakaisha, na mlango ukabaki wazi. Tulikuwa tunautazama ule mlango. Mtu mmoja akatokea mlangoni, nikashika uzio, kumbe alikuwa mfanyakazi na karatasi zake, akarudi ndani. Mlango ukafungwa, injini zikaanza. Nikamsikia mzee wa kanisa, polepole kabisa, bila kujua kama anasema: "Kabati... kabati hilo, Mama... ni kabati tu."

Ndege ikatembea, ikageuka kule mwisho, ikaja inakimbia, ikanyanyuka kuelekea ziwani. Mzee akavua koti. Sijawahi kumwona bila koti kabla ya hapo. Shati lake lote lilikuwa limelowa jasho.

Mama Mchungaji alikaa huko Ujerumani mpaka mtoto, wa kike, akaanza kukaa mwenyewe. Aliporudi nilipanda ngazi zake siku ya pili yake, nikamkuta anapepeta mchele kama hajaenda popote. Nilitaka kusikia ushindi. Nilitaka aniambie alicheka angani.

"Basi hukuogopa," nilimwambia.

"Nani kakwambia?" Aliendelea kupepeta. "Niliogopa njia nzima. Mpaka Dar, mpaka huko, na kurudi niliogopa vilevile. Ila niliogopa nikiwa nimekaa."

Baadaye sisi tulihamia Butimba, upande mwingine wa mji, na kuonana kukawa kwa nadra. Alikuwa amekarabati chumba cha nyuma, bati lingine la kuokota, plaiwudi nyingine, na nilimpatia kompyuta nyingine iliyotumika. Sikujua anaitaka ya nini wakati safari ilishapita. Aliniambia bado anaingia ziwani na hapendi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni mwaka jana. Alinipigia simu nije, usukani umelegea. Nilipofika nilisikia watoto wanakimbizana kati ya mawe kwa lugha nisiyoijua, na ndani, kwenye chumba cha nyuma, Tabitha amesimama. Sikuwa nimemwona tangu mazishi ya baba yake. Alikuwa amenenepa kidogo, ana macho ya mama yake. Alikuwa anapitisha kidole kwenye vifuniko vya makopo, kimoja kimoja.

"Alinieleza kwenye simu," aliniambia baada ya salamu. "Nilidhani ni kitu kidogo. Nilidhani ni... kitu cha mezani."

Mama Mchungaji alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amezeeka, alisimama ameegemea fremu. "Hatukununua kitu," alisema kwa fahari. "Labda gundi."

Tabitha akakaa kwenye kiti cha basi. Akashika mipini ya miiko. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya ubao nikikaza springi, kwa hiyo sikuuona uso wake alipoanza kusema, nilisikia sauti tu.

"Mama, mimi huwa nameza dawa ya usingizi."

"Dawa ya nini?"

"Kwenye ndege. Kila nikipanda. Na hata hivyo silali. Safari hii nilimshika mume wangu mkono mpaka nikamwachia alama." Akavuta pumzi. "Likizo zangu si fupi, Mama. Hazijawahi kuwa fupi."

Nje watoto walicheka kitu.

"Siku ile uliposhuka," Tabitha aliendelea, "nilikukasirikia kwa sababu nilijua kabisa ulichokisikia. Mimi nilikuwa nimekisikia siku nilipoondoka kuja Ujerumani, nikabaki nimekaa. Nikaona kama wewe umeruhusiwa na mimi sikuruhusiwa."

Niliacha bisibisi pale pale. Nilifikiri nitoke, ila njia ilikuwa ni kupita katikati yao, kwa hiyo nikabaki nimechuchumaa.

Mama Mchungaji aliweka kikombe dirishani. Alikwenda kwa binti yake, na mimi nikangoja ambembeleze, au aombe, au alie. Aliinama, akashika kile chuma cha chini ya kiti ambacho mume wangu alikichomelea, akakivuta. Kiti kikasogea mbele kwa kishindo.

"Miguu inafika?" aliuliza.

"Inafika."

"Fumba macho." Akanyoosha mkono wake juu ya bega la Tabitha na kubonyeza swichi ya kwanza, kisha akageuza kichwa upande wangu. "Mwanangu, zima hiyo televisheni. Tutaanza na kelele."